Inazimika yenyewe, ao kuko kintu kinaizima?

Katika somo la istilahi tunapewa mara nyingi kazi ya aina moja: upande wa kushoto wa karatasi kuna orodha ya maneno ya Kifaransa, upande wa kulia kuna nafasi tupu za kujaza. Mwaka huu orodha ilihusu kompyuta. Neno la kwanza peke yake lilitula karibu saa nzima, maana kuna wanaosema kompyuta, kuna wanaotetea tarakilishi, na mmoja wetu anayependa vitabu vya zamani alituletea ngamizi. Tulipofika kwenye carte mère mjadala ukawaka upya. Ubao mama? Bodi mama? Na kwa nini mama? Mwenzetu mmoja alituonyesha kwamba Waingereza wana mama, Waitalia wana mama, Wareno wana mama, lakini Wajerumani wanasema Hauptplatine, yaani bamba kuu, na kompyuta zao zinafanya kazi vilevile. Tulicheka, tukapiga kura, bodi mama ikashinda.

Sina neno dhidi ya kazi hiyo, na bodi mama nitaitumia humu mpaka mwisho. Ila wiki chache baadaye nilikaa siku tatu karibu na bodi mama moja ya kweli iliyokataa kuwaka, nikamsikiliza fundi aliyekuwa akiitafutia ugonjwa. Majina yake yote ya vitu yalikuwa Kifaransa kilichovalishwa nguo za Kiswahili: barete, alimantasyo, kondansateri, kati mere. Hakutumia hata neno moja kati ya yale tuliyoyapigia kura. Na hata hivyo, tangu niingie kitivo hiki, sijasikia Kiswahili kikifanya kazi ya kitaalamu kwa usahihi kama ule. Usahihi haukuwa kwenye majina. Ulikuwa kwenye vitenzi.

Kompyuta yenyewe ni ya Yaya wangu. Ana sekretariati ndogo kando ya njia ya kwenda chuoni, hapa Lubumbashi: meza mbili, kompyuta moja ya mezani, printa, na mashini ya fotokopi inayochagua siku za kufanya kazi. Anaandika kazi za wanafunzi, anazipanga kurasa, anazichapa na kuzifunga. Minervali yangu inatoka pale, na ya mdogo wetu pia. Kompyuta aliinunua okazyo kwa dola 120, ikiwa tayari imeshazeeka huko ilikotoka. Wiki ya mwisho kabla ya tarehe ya kuwasilisha kazi za mwisho wa masomo, ilikuwa na kazi 12 za watu ndani yake, nyingine zimekamilika, nyingine zimebaki marekebisho ya mwalimu msimamizi.

Kwa muda wa wiki mbili ilikuwa ikisumbua asubuhi. Siku ya Jumatano ikakataa kabisa. Yaya alipobonyeza kitufe, feni ilizunguka sekunde mbili tatu, ikasimama, ikazunguka tena bila mtu kuigusa, ikasimama tena. Mara mojamoja ilijikaza mpaka nembo ya kiwanda ikaonekana kwenye skrini, halafu giza, halafu mwanzo. Iliendelea hivyo mpaka tukang'oa waya ukutani.

Kabla ya saa sita mchana tulikuwa na hukumu tatu. Kijana wa kibanda cha simu alisema ni Windows, lazima kufuta yote na kuipanga upya. Mteja mmoja aliyewahi kufanya kazi ofisini alisema kati mere imekufa, na kati mere ya namna hiyo haipatikani tena. Wa tatu alikuwa na binamu anayeuza kompyuta za okazyo, dola 150, naye aliona ugonjwa mara moja: uzee. Ndugu msomaji atambue kwamba hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyeuliza swali. Kila mmoja alileta jina. Windows, kifo, uzee.

Mchana huo wateja wawili walikuja kudai kazi zao. Yaya aliwaomba subira mpaka Ijumaa. Mmoja alikubali. Wa pili alisimama mlangoni akisema kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba asipowasilisha Jumatatu atarudia mwaka. Ndipo tukaifunga kompyuta ndani ya kitenge, tukapanda taksi mpaka kwa fundi mmoja katika mtaa wa Kenya, mzee kidogo, aliyesomea umeme kwenye shule ya ufundi na ambaye ana meza chini ya paa la mabati kati ya mshona viatu na muuza makala.

Yaya alianza kumweleza: "Papa, kati mere imekufa."

Fundi hakuigusa kompyuta. Alisema: "Mama, usiniambie ugonjwa. Uniambie iko inafanya nini."

"Inazima."

"Inazimika yenyewe, ao kuko kintu kinaizima?"

Yaya alinitazama mimi, kama kwamba swali lilikuwa la chuo kikuu. Nami, kwa kweli, nilisahau haraka yetu kwa dakika nzima. Tunafundishwa mwaka wa kwanza kwamba mnyambuliko wenye -ik- unaeleza hali bila kumtaja mtendaji: mlango umefunguka, kikombe kimevunjika, taa imezimika. Huwezi kuongeza "na fulani". Ukisema mlango umefunguliwa, umekwisha kufungua nafasi ya mtu, hata usipomtaja. Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi kauli ya kutendwa haitumiki sana mdomoni. Watu hupenda kusema "banaufungua", yaani wameufungua watu fulani, ama "kuko kintu kinaufungua". Kazi ni ileile. Tunajifunza haya kwa mifano ya milango na vikombe, tunafaulu mtihani, basi. Kwa fundi huyu tofauti hiyo ilikuwa njia panda.

Nilimwomba anieleze, naye alieleza huku akifungua bisibisi za ubavuni. Mashini inayozimika yenyewe imekosa umeme: waya umelegea, sanduku la alimantasyo limechoka, umeme wa mtaa umeshuka. Inakata, basi. Mashini inayozimwa ni jambo lingine. Ndani yake kuna walinzi, na kila mlinzi ana sababu yake. Alimantasyo ikiona umeme unavuja mahali, inakata ili kisiungue kitu. Prosesa ikipata joto kupita kiasi, inazimisha. Na Windows nayo ni mlinzi: ikipata kosa kubwa, kwa desturi yake inaanzisha mashini upya bila kukuonyesha kosa lenyewe. Kwenye Windows 7 unaweza kubonyeza F8 kabla ya bendera kutokea, ukachagua isijianzishe upya, ndipo utasoma maandishi meupe kwenye skrini ya buluu. Basi, kazi ya kwanza ya fundi ni kujua kama anatafuta ukosefu au mlinzi.

Swali la pili lilikuwa fupi zaidi: "Inazimikia wapi?"

Hapa tena, kiambishi kimoja. Si "inazimika wapi", maana hilo tulilijua, inazimika mezani kwa Yaya. Inazimikia wapi: inafika hatua gani ya safari yake ndipo inakata. Aliichomeka kompyuta yetu kwenye stabilizateri yake, akabonyeza kitufe, akahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, giza. Moja, mbili, giza. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nembo, giza. Alirudia mara kumi, akiandika kwa chokaa juu ya meza. Kisha akatuambia kwamba yule kijana wa simu anaweza kwenda kupumzika, kwa sababu mashini inazimikia kabla hata haijaitafuta diski. Windows ingali imelala. Ili Yaya aamini, alichomoa diski kabisa, akawasha tena. Bodi mama yenye afya isiyoona diski husimama na kulalamika kwa maandishi kwamba haikupata cha kuanzia. Yetu haikufika kwenye malalamiko. Moja, mbili, tatu, giza.

Ile diski aliichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Faili zote 12 zilikuwepo. Akazinakili kwenye flashi ya Yaya kabla ya kufanya jambo lingine lolote, na akamrudishia mkononi. Hapo ndipo nilipomwona Yaya akikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Lakini flashi ilileta tatizo lake. Sasa kazi za watu zilikuwa salama, na kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuwanyima. Jioni hiyo na asubuhi ya Alhamisi, wateja watano walikuja kunakili zao na kuzipeleka kwenye sekretariati ya ng'ambo ya barabara. Yaya aliwapa bila kusema kitu. Kila faili iliyotoka ilikuwa kurasa sitini au themanini za kuchapa, mara nakala nne, pamoja na kufunga. Ndiyo msimu wenyewe. Miezi mingine yote sekretariati inaishi kwa fotokopi za kadi za wapiga kura.

Alhamisi nilirudi kwa fundi, Yaya akabaki dukani na zile kazi saba. Nilikuta ameitoa bodi mama ndani ya sanduku la chuma, ameilaza juu ya kipande cha katoni. Nilimwuliza kwa nini katoni. "Pengine kuko bintu binagusana," alisema. Bodi mama inakaa juu ya vinguzo vidogo vya shaba vinavyoiweka mbali na bati la sanduku. Kinguzo kimoja kikikaa mahali pasipo na tundu, ama bisibisi ikiacha skrubu moja iliyopotea chini, njia mbili za umeme zinagusana na mlinzi wa alimantasyo anakata mara moja. Juu ya katoni hakuna cha kugusana. Aliunganisha alimantasyo, prosesa na feni yake, barete moja ya RAM, na kile kipaza sauti kidogo kinacholia mlio mmoja mashini ikiamka vizuri. Kitufe cha mbele hakikuwepo tena, kwa hiyo aligusanisha pini mbili kwa ncha ya bisibisi. Moja, mbili, tatu, giza.

"Basi hazigusani," alisema, akafuta mstari mmoja wa chokaa.

Kilichofuata kilichukua saa tatu, na kwa mtu asiyesoma isimu kingeweza kuonekana kama mchezo wa kuhamishahamisha. Kwangu mimi kilikuwa somo la fonolojia. Tunajua jinsi tunavyothibitisha kwamba p na b ni fonimu mbili katika Kiswahili: tunachukua pata, tunabadilisha sauti moja tu, tunapata bata, na maana imegeuka. Wanaisimu waliotufikia kwa njia ya Kifaransa, wafuasi wa Martinet, wanakiita komutasyo. Sharti lake kuu ni moja: badilisha kitu kimoja, vingine vyote vibaki vilevile. Mtu akileta pata na bado kama ushahidi, mwalimu anamrudisha kukaa, kwa sababu amebadilisha mambo matatu na hajui lipi lililogeuza maana.

Fundi alitoa barete, akaipangusa meno yake ya shaba kwa gome ya mwanafunzi, akairudisha: giza. Akaihamishia kwenye tundu la pili: giza. Akaitoa kabisa, akawasha bila RAM yoyote. Safari hii bodi haikuzima. Feni iliendelea kuzunguka na kipaza sauti kikaanza kulia, milio mirefu iliyofuatana, ambayo ni namna ya bodi kusema haina kumbukumbu. Nilifurahi, nikasema basi ni barete. Fundi alitikisa kichwa. Akachukua barete nzima kutoka kompyuta yake, ile inayofanya kazi kila siku mbele ya macho yangu, akaichomeka kwenye bodi yetu. Moja, mbili, tatu, giza. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria: akachukua barete yetu, akaichomeka kwenye mashini yake. Ikawaka bila neno.

Anabadilisha pande zote mbili. Kizima kwenye gonjwa, na kinachoshukiwa kwenye nzima. Upande mmoja peke yake hautoshi, alisema, kwa sababu pengine zote mbili ni mbovu na zinasingiziana.

Alifanya vivyo hivyo kwa alimantasyo. Kwanza aliipima. Waya wa manjano unapaswa kubeba volti 12, mwekundu volti 5, wa rangi ya chungwa volti 3.3, na kila mmoja unaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 5 tu; yaani manjano ikishuka chini ya 11.4 si salama tena. Yetu ilisoma 12.1. Akanionyesha waya wa kijivu, ambao naomba niueleze, kwa sababu ndio uliomalizia swali lake la kwanza. Alimantasyo inapowashwa, haimwachii prosesa aanze kazi papo hapo. Inajipima kwanza mpaka volti zake zitulie, halafu kupitia waya wa kijivu inatuma habari: umeme ni mzuri. Habari hiyo inachelewa kati ya sehemu ya kumi ya sekunde na nusu sekunde. Mpaka ifike, prosesa anashikiliwa mlangoni. Na kama baadaye volti zikiyumba, habari inaondolewa, prosesa anarudishwa mlangoni, na safari inaanza upya. Anarudishwa, tazama kitenzi hicho. Tunayoiona sisi kwa nje kama mashini "inajiwasha tena" ni mashini inayorudishwa mwanzo na mlinzi, kisha inaruhusiwa, kisha inarudishwa.

Lakini alimantasyo ya fundi ilitoa giza lilelile kwenye bodi yetu, na alimantasyo yetu iliendesha mashini yake bila shida. Mstari mwingine wa chokaa ukafutwa. Betri ndogo ya duara ilisoma volti 2.9, na alipoitoa na kuirudisha ili kufuta mipango iliyohifadhiwa, hakuna kilichobadilika. Alitoa feni ya prosesa. Dawa ya kupitishia joto ilikuwa imekauka kama udongo wa kiangazi, akaipangusa na kupaka mpya. Giza. Zilibaki prosesa na bodi mama yenyewe, na jua lilikuwa linashuka.

Hapo aliniuliza swali ambalo hakuwa ameuliza bado, na aliuliza kama anayezungumza habari za hewa: "Mbele ilikuwa inasumbua saa gani?"

Nilimwambia asubuhi. Kwamba kwa wiki mbili asubuhi ilijaribu mara tano, mara sita, na ikishakubali inafanya kazi mpaka jioni bila kuzima hata mara moja.

Akacheka. Akaivuta taa, akainamisha bodi mama usawa wa macho, akanionyesha safu ya vimkebe vidogo vilivyosimama kando ya prosesa. Ndizo kondansateri. Juu ya kila kimkebe kuna bati lenye mkato wa msalaba, na bati hilo linapaswa kuwa tambarare kama meza. Vitatu vilikuwa vimevimba. Kidogo tu, kama tumbo la mtoto baada ya chakula; nisingeviona bila kuonyeshwa. Kimoja kilikuwa na utando wa kahawia kwenye mkato wake.

Kazi ya vimkebe hivyo aliieleza kwa pipa la maji, na sijapata mfano bora zaidi katika kitabu. Nyumbani kwetu maji ya bomba yanakuja kwa kusitasita, kwa hiyo kila ua una pipa. Bomba linajaza pipa polepole, na mtu anayetaka ndoo nzima kwa mara moja anaichota kwenye pipa, hasubiri bomba. Prosesa halitumii volti 12. Bodi mama inazishusha mpaka karibu volti moja na kidogo, lakini kwa mkondo mkubwa, na mahitaji yake yanaruka ghafla kutoka kidogo hadi kingi. Kondansateri ndizo pipa lililowekwa mlangoni mwake. Zikizeeka, maji yaliyomo ndani yake, dawa ile ya majimaji, yanakauka au yanageuka gesi na kuvimbisha mkebe. Pipa limejaa tope. Prosesa anaamka, anataka ndoo, anakuta kikombe. Volti inadidimia, mlinzi anamrudisha. Bila barete prosesa alikuwa na kazi ndogo, kikombe kilimtosha, ndiyo maana alibaki hai na kulia. Na asubuhi ndiyo saa mbaya kwa sababu kondansateri iliyochoka inafanya vibaya zaidi ikiwa baridi; majaribio matano yanaipasha moto, halafu inajikaza mpaka jioni.

Ugonjwa huu una historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kondansateri za namna hii zilivimba duniani kote, katika kompyuta za majina makubwa, kwa sababu ya dawa mbovu iliyotumiwa na baadhi ya viwanda vya Asia. Yetu ni ya baadaye, na kwayo vumbi, joto na miaka vinatosha kueleza. Lakini kuna kizazi kizima cha mafundi waliojifunza kutazama juu ya vile vimkebe kabla ya kutazama kitu kingine, na fundi wetu, kama nilivyoona, hakuanza hapo. Nilimwuliza kwa nini. Akasema kondansateri iliyovimba inaweza kukaa juu ya bodi inayofanya kazi, na bodi mbovu inaweza kuwa na kondansateri tambarare. Ukianza na kile unachokiona, unaacha kutafuta. Bado nalifikiria jibu hilo kila nikisoma kazi zetu za fasihi, ambamo tunapata ishara katika ukurasa wa kwanza na kuitetea mpaka wa mwisho, lakini hiyo ni makala nyingine.

Ijumaa hakuwa na kondansateri zinazofaa. Zilizotolewa zilikuwa za volti 6.3 na mikrofaradi 1500. Mpya inaruhusiwa kuwa na volti kubwa zaidi, ila mikrofaradi zibaki zilezile na unene wake uingie mahali. Tulizunguka meza nne za mafundi wa redio. Wa nne alikuwa nazo, volti 10, mpya ndani ya karatasi yake, dola moja kila moja. Yaya alinipigia simu mara mbili. Mteja wa sita alikuwa anasubiri dukani na flashi mkononi.

Kuzichomoa zile za zamani kulichukua muda kuliko nilivyodhani. Bodi mama ni bamba za shaba zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo zinakunywa joto la chuma cha kulehemu kabla risasi haijayeyuka. Fundi alifanya polepole, mguu mmoja, kisha mwingine, akisafisha kila tundu kwa sindano. Alipoweka mpya alinifanya nimthibitishie kwa sauti upande wa mstari, ule mstari ubavuni unaoonyesha hasi, kwa kuwa kondansateri ya namna hii ikigeuzwa inaweza kupasuka.

Juu ya katoni, na barete yetu, na alimantasyo yetu, aligusanisha pini mbili. Moja, mbili, tatu, nne. Mlio mmoja mfupi. Nembo. Kisha yale maandishi ya malalamiko tuliyoyangoja tangu Jumatano: sikuona diski. Aliizima mwenyewe, akaiacha ipoe saa nzima huku akila mihogo, akaiwasha tena ikiwa baridi. Ikawaka. Akaizima, akaiwasha. Alitaka dola 15 pamoja na kondansateri. Yaya alituma 20, akakataa kupokea zilizozidi, kisha akapokea.

Jumamosi na Jumapili Yaya alichapa kazi saba, kwani yule wa sita alikubali kungoja. Wale watano wa ng'ambo ya barabara hawakurudi mwaka huo. Hesabu ya msimu ilitosha minervali ya mmoja wetu mara moja, na ya pili kwa sehemu mbili.

Nimeendelea kwenda kukaa kwenye meza ile chini ya mabati, na daftari safari hii. Ninaandika vitenzi. Nina legea na legezwa, nina shikana na shikamana, ambavyo kwake si kitu kimoja: waya zinashikana kwa bahati mbaya, risasi inashikamana kwa kazi nzuri. Nina vimba, na vimbisha kwa kile kinachosababisha. Nina kubali na kataa, anazozitumia kwa mashini kama kwa mtu. Majina ninayaandika pembeni, nayo yote ni ya Kifaransa, na sioni kwamba yanamsumbua yeye wala wateja wake.

Wiki iliyofuata aliletewa kompyuta nyingine, mpya kuliko ya Yaya, yenye ugonjwa uleule machoni pangu: inawaka, inazima, inawaka. Nilikuwa tayari natazama vimkebe. Fundi alihesabu kwa sauti. Mara mbili, mara tisa, mara nne, mara ishirini hata Windows ikafunguka, halafu giza. Hakuna mahali palepale pa kuzimikia. Hakupima kitu. Alichomoa waya mdogo unaotoka kwenye kitufe cha mbele cha kuanzisha upya, akawasha, akaniachia niitazame kwa nusu saa ikifanya kazi.

"Hii hapana kuzimika," alisema. "Banaibonyeza."

Soda ilikuwa imemwagikia kitufe, kikakwama ndani, kikawa kinagusa na kuachia kadiri meza inavyotikisika. Aliuacha waya bila kuurudisha, akamtoza mwenyewe faranga elfu tano.